Sauti na Mzigo katika Kanisa la Mahali

Twataka kuuliza swali moja, nalo ni hili: Kanisa la mahali, yaani mkutano mdogo wa waaminio katika kijiji kimoja, lipo kwa kazi gani, na kazi hiyo ni ya nani? Wengi watajibu upesi ya kuwa ni kazi ya mchungaji. Sisi twaona jibu hilo si kweli, tena lina hatari, na sababu zetu tutazieleza moja moja. Twanena hasa juu ya kanisa la Wabaptisti, kwa kuwa desturi yao hulionyesha jambo hili waziwazi. Na mifano yetu twaitoa Kidodi, katika wilaya ya Kilosa, nchi ya miwa iliyo chini ya milima ya Vidunda.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Katika Kiyunani cha Agano Jipya neno tulisomalo "kanisa" ni ekklesia, na maana yake ni mkutano wa watu walioitwa wakusanyike. Wayunani wa kale walilitumia kwa baraza la raia waliokutana kuamua mambo ya mji wao. Basi halikuwa jina la nyumba. Wakristo wa kwanza walikutana nyumbani mwa watu, kama kanisa lile la nyumba ya Priska na Akila ambalo Paulo alilipelekea salamu (Warumi 16:3-5). Tukisema kanisa linavuja, nasi twamaanisha mabati, hatukosi katika lugha. Lakini tusisahau ya kuwa kanisa lenyewe laweza kuvuja hali mabati yake ni mapya.

Kazi za mkutano huo zimeandikwa kwa maneno machache katika Matendo 2:41-47. Waliolipokea neno walibatizwa. Wakadumu katika mafundisho ya mitume, katika ushirika, katika kuumega mkate, na katika kusali. Wakagawiana mali kwa kadiri ya haja ya kila mtu. Na watu wengine wakaongezwa kwao. Ukiongeza agizo la Bwana la kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi (Mathayo 28:19-20), umekwisha kupata makusudi yote ya kanisa: kumwabudu Mungu, kufundishana, kushirikiana, kuwahudumia wahitaji, na kuihubiri Injili. Twaomba msomaji aangalie jambo moja. Katika habari ile yote hapana kazi iliyowekwa iwe ya mtu mmoja. Mitume walifundisha, ni kweli. Lakini waliodumu, waliogawa, na waliosali ni wote.

Wabaptisti wameyashika mambo haya kwa namna yao. Kwao mtu hazaliwi ndani ya kanisa. Huingia kwa kuamini mwenyewe, akakiri kwa kinywa chake, ndipo akazamishwa majini, kama mfano wa kuzikwa na kufufuka pamoja na Kristo (Warumi 6:4). Basi ukoo haumwingizi mtu, wala kabila, wala mali ya baba yake. Jambo hili si dogo hapa petu. Kidodi wapo Wavidunda ambao asili yao ni milimani, wapo Wasagara, na wapo watu wa mikoa mingi waliozifuata kazi za miwa tangu kampuni ya sukari ya Kilombero ilipoanza kazi zake miaka ya 1960. Wote huingia kwa maji yale yale, na mwenye shamba huzama sawasawa na mkata miwa.

Na kwa kuwa wote wameingia kwa mlango mmoja, wote wana sauti. Katika kanisa la Wabaptisti hapana askofu aliye juu ya kanisa la mahali. Mkutano wa washirika ndio umwitao mchungaji, ndio uchaguao mashemasi, ndio uamuao matumizi ya sadaka. Mjane asiyejua kusoma huinua mkono wake, na mkono huo huhesabiwa mmoja, kama ule wa mwalimu au wa mwenye duka.

Desturi hii ina historia, na historia yake ni ya gharama. Mwaka 1612 Thomas Helwys alirudi London kutoka Amsterdam, alikokuwa amekimbilia pamoja na wenzake, akaanzisha Spitalfields kanisa la kwanza la Wabaptisti katika Uingereza. Mwaka huo huo alitoa kitabu cha kumwonya mfalme James I ya kuwa mfalme hana mamlaka juu ya dhamiri ya mtu katika mambo ya Mungu. Na haki hiyo hakuwatakia Wakristo peke yao, bali Waislamu na Wayahudi pia. Alifungwa gerezani Newgate, wala hakuishi miaka mingi baadaye. Basi sauti tunayoiinua leo kwa amani, wengine waliilipia kwa kifungo.

Lakini hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Sauti na mzigo ni ndugu mapacha. Kanisa lisilo na askofu wa kuliamuru halina askofu wa kulibebea. Mkono ulioinuliwa katika mkutano, ukisema ndiyo, umeahidi kubeba. Mtu akiinua mkono ili wagonjwa watembelewe, kisha akarudi nyumbani akingoja mchungaji awatembelee, hakutoa sauti, ametoa amri. Na kanisa lenye watu hamsini watoao amri na mmoja azifanyaye si kanisa la Wabaptisti, hata likiandikwa jina hilo mlangoni. Lina mtumwa mmoja na mabwana hamsini.

Tazama kazi ya miwa. Muwa ukisha kukatwa, sukari yake huanza kupungua, hauna budi kufika kiwandani upesi. Kwa hiyo wako wakatao, wako wapakiao, wako waendeshao magari, wako wapimao. Mkataji akifanya kazi ya watu kumi na mpakiaji asiwepo, juhudi yake yote itakauka juani. Ndivyo ilivyo kazi ya mhubiri. Neno likihubiriwa vizuri Jumapili, pasiwe na wa kumfundisha mwongofu kati ya juma, wala wa kumpokea mgeni, wala wa kukaa na mfiwa, utamu wake hupotea njiani. Paulo asema wachungaji na walimu walitolewa ili kuwakamilisha watakatifu, nao watakatifu waifanye kazi ya huduma (Waefeso 4:11-12). Mchungaji hakupewa kuifanya kazi mahali pa watu. Alipewa kuwafaa watu kwa kazi.

Na tujue hatari iliyomo katika kumwachia mmoja. Wahenga walisema: Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mchungaji aachiwaye kila kitu husifiwa kwa kila kitu, na baada ya siku si nyingi hapana awezaye kumwuliza neno. Kisha watu hushangaa kwamba amekuwa kama mfalme. Nani aliyemtawaza, isipokuwa wale waliochoka kubeba?

Labda mtu atasema: "Kura huleta magomvi, heri mmoja aamue." Twamjibu kwa Matendo 6. Katika kanisa la Yerusalemu palitokea manung'uniko: wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Mitume hawakuwanyamazisha walalamikaji, wala hawakuamua peke yao. Waliita jamii yote, wakawaambia wachague watu saba. Sasa yasome majina ya waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote saba ni majina ya Kiyunani. Yaonekana mkutano uliweka kapu la chakula mikononi mwa upande ule uliosahauliwa. Hiyo ndiyo kura ya Kikristo: hatupigi kura ili wengi wapate wapendalo, bali ili aliyesahauliwa aonekane.

Basi katika kila kanisa la Kidodi na penginepo, na tuulize: Wajane wetu wa Kiyunani ni nani? Je, si yule kibarua aliyekuja kwa msimu wa miwa, asiye na shangazi wala mjomba hapa, ambaye akiugua hana wa kumpikia uji? Je, shemasi wetu mmojapo ametoka kwa watu wa namna yake, au mashemasi wote ni wa koo mbili zilizotangulia kufika?

Tuje kwenye mali. Kanisa la Wabaptisti lisilojitegemea lina sauti ya kuazima. Mwaka 1956 wamisionari Wabaptisti wa Marekani walianza kazi katika Tanganyika, na baadaye pakawa na hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu Mbeya, na chuo cha wachungaji karibu na Arusha. Hayo ni mema, na shukrani ni haki. Lakini msaada una jaribu lake: atoaye fedha huanza kuonekana kuwa ndiye mwenye kanisa, na wapokeao hujifunza kungoja. Tukumbuke jinsi Wabaptisti wenyewe walivyoanza kupeleka Injili ng'ambo. Tarehe 2 Oktoba 1792 watu wachache walikutana Kettering katika Uingereza, wakaahidi kutoa jumla ya paundi 13, shilingi 2 na peni 6. Mwenzao William Carey, aliyekuwa fundi viatu, akaenda Bengali mwaka 1793. Rafiki yake Andrew Fuller aliilinganisha safari ile na kuteremka katika shimo refu la machimbo: Carey yu tayari kushuka, ikiwa walio juu wataishika kamba. Hawakuwa matajiri, walikuwa watu waliokubali kushika kamba.

Msiseme, "Sisi ni maskini, fedha ya miwa huja mara moja kwa mwaka." Makanisa ya Makedonia yalitoa katika umaskini mkuu (2 Wakorintho 8:1-2). Ila jambo moja lazima: mali bila daftari hupotea bila habari. Paulo mwenyewe, alipopeleka changizo Yerusalemu, alitaka wenzi walioaminiwa na makanisa, ili mtu asiwalaumu, na mambo yawe mema mbele za Mungu na mbele za wanadamu pia (2 Wakorintho 8:18-21). Ikiwa mtume alitaka mashahidi, mtunza hazina wetu asikasirike akiombwa kuusomea mkutano daftari lake.

Limebaki neno gumu kuliko yote. Katika kanisa la nchi ya miwa huketi benchi moja mwenye shamba na aliyemkatia. Tuseme Jumamosi mwenye shamba amemwambia mkataji, "Njoo wiki ijayo," naye alisema hivyo wiki iliyopita pia. Jumapili wote wawili wanaishiriki Meza ya Bwana. Je, jambo hilo lahusu kanisa, au ni biashara tu? Yakobo amejibu: ujira wa wavunaji uliozuiliwa hulia, na kilio chake kimefika masikioni mwa Bwana (Yakobo 5:4). Ikiwa kimefika mbinguni, kimepitaje kanisani kisisikiwe? Hapa ndipo sauti ya washirika inapopimwa. Ni rahisi kuinua mkono juu ya rangi ya ukuta, ni vigumu kumwendea ndugu mwenye mali, ambaye sadaka yake ndiyo kubwa, na kumwambia, "Mlipe mwenzako." Wala tusianze kwa kumtangaza. Bwana ameweka taratibu: kwanza mmoja kwa siri, kisha wawili au watatu, na mwisho kanisa (Mathayo 18:15-17). Kusudi lake ni kumpata ndugu, si kumwaibisha. Lakini kanisa likimwogopa kwa sababu ya sadaka yake, limekwisha kumwuzia sauti ya yule mjane, na ya mkataji pia.

Labda mtu atasema, "Mzigo huu ni mzito kwa watu wadogo." Ni mzito, kweli. Ndiyo maana umewekwa juu ya wengi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na mchungaji mmoja, hata awe mtakatifu, hawezi kuwa macho, na masikio, na miguu ya mwili mzima. Mwenye kujua hesabu ashike daftari. Mwenye sauti aimbishe. Bibi aliyelea wengi awafundishe mama vijana. Kijana mwenye baiskeli apeleke habari za wagonjwa. Asiyeweza jambo jingine lolote na akae karibu na mfiwa, anyamaze pamoja naye. Na huduma hiyo wengi wenye elimu hawaiwezi.

Basi, ndugu zetu, mkutano wa washirika ukiitwa, nendeni wala msiwaachie wachache. Shauri likiletwa, lifikirini kwa sala. Na kabla ya kuinua mkono, kila mmoja aulize nafsi yake: Mkono huu, kesho asubuhi, utashika nini?