Kadi ya Maktaba Ifungue Lango la Elgon

Watu wa Buteba, nani atatufundisha habari za karatasi zinazofungua njia? Tumekulia mpakani mwa Uganda na Kenya. Tangu Uganda, Kenya na Rwanda zilipokubaliana mwaka 2014, kitambulisho cha taifa kinatuvusha Busia na Malaba bila pasipoti. Tunazijua pia njia za panya, na watoto wanaozipita na mizigo kichwani siku za shule. Sasa nataka tudai karatasi moja zaidi, tena tuidai mwaka huu: kadi ya maktaba itakayomfungulia mtoto wetu lango la hifadhi ya taifa.

Wenzetu wamelifanya jambo hili. Katika jimbo la California, Marekani, tangu mwaka 2022 mtu huingia maktaba ya umma, akaazima pasi kama anavyoazima kitabu, akaiweka garini na kupita bure kwenye hifadhi nyingi za jimbo. Akimaliza anairudisha, jirani yake anaichukua. Serikali ya jimbo ndiyo iliyotenga fedha, na zilipoelekea kukauka mwaka 2024, wananchi walipiga kelele mpaka mpango ukaendelea.

Geuka sasa utazame kaskazini, uliko Mlima Elgon. Kilele chake, Wagagai, kina mita 4,321. Jina hilo mtoto wa Buteba amelisikia, kwa sababu kampuni ya dhahabu ya hapa Alupe imelichukua. Kwake Wagagai ni mgodi. Nani amempeleka akauone mlima? Nani amemsimulia kwamba upande wa Kenya liko pango la Kitum, ambamo tembo huingia gizani na kuvunja mwamba kwa pembe ili walambe chumvi? Mtoto aliyezoea kuona watu wakiichokoa ardhi wakitafuta dhahabu atamwelewa tembo yule upesi kuliko mtalii yeyote aliyepanda ndege kuja kumwona. Na kumbe ni mlima wetu.

Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda humtoza raia wa Afrika Mashariki kwa shilingi, huku mgeni wa mbali akilipa dola. Ni nafuu ya kweli. Lakini weka nauli ya kufika Mbale, weka ya kupanda hadi Budadiri au Kapkwai, weka chakula, kisha zidisha kwa watoto wanne. Mama anayeuza nyanya sokoni Busia atazitoa wapi fedha hizo?

Wala siombi hifadhi ipunjwe. Sheria inataka asilimia 20 ya viingilio iende kwa jamii zinazopakana na hifadhi, na ndugu zetu walio chini ya Elgon wanaitegemea. Pasi ilipiwe kwa fedha za umma, kama walivyofanya wenzetu.

Utaniambia Buteba hatuna maktaba ya maana. Tuanze na kabati moja la vitabu katika shule moja, daftari la kuazimia, na mwalimu mwenye ufunguo. Anayetaka pasi asome kitabu kwanza, na akirudi aandike alichokiona. Maandishi yake yawekwe kabatini humo yasomwe na wengine. Baada ya miaka mitatu kabati litakuwa na vitabu ambavyo hakuna duka linaloviuza.

Walimu wakuu, ninyi msingoje pasi. Mwamba wa Tororo, mabaki ya volkano ya kale, uko karibu. Msitu wa Busitema, wenye nyani wanaokaa kando ya barabara kuu, uko karibu zaidi. Wapelekeni watoto muhula huu huu, na madaftari mkononi.

Sisi wengine tuna kazi ya mkutanoni. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti huanza kupangwa miezi mingi kabla. Gombolola ikiitisha mkutano wa bajeti, njoo na jirani yako. Simama umwambie mwenyekiti wa LC3, baraza la gombolola: tunataka pasi kumi za Elgon na basi moja kila muhula, na wilaya ikazungumze na mamlaka ya hifadhi. Mzee akisema barabara kwanza, mwitikie kwa heshima, maana barabara nayo tunaihitaji. Kisha endelea kusimama mpaka karani aandike.