Cheti cha Daktari Mkononi mwa Msimamizi

Huko Kirumba, jirani na Mwaloni ambako maboti ya kutoka visiwani hushusha dagaa, yako maghala ambamo akina mama huchambua na kufunga magunia tangu alfajiri. Katika ghala mojawapo mama mmoja alimwendea msimamizi wake faraghani, akamwonyesha cheti cha daktari, akaomba ruhusa ya siku moja kila mwezi ili aende kliniki. Ruhusa akapewa, tena kwa upole. Kesho yake, kabla ya kazi kuanza, msimamizi akawakusanya wafanyakazi wote, akawatajia ugonjwa wa mwenzao kwa jina lake, akawasihi wamwombee na kumchangia. Ugonjwa wenyewe hatuutaji hapa. Tukiutaja tutakuwa tumelirudia kosa lile lile.

Mchango ulipatikana. Lakini mama yule, aliyekuwa akila sinia moja na wenzake, tangu siku ile alipakuliwa chakula chake peke yake. Hakutukanwa wala hakufukuzwa. Alihurumiwa tu, kutwa nzima, na watu ambao juzi yake walikuwa wakimtania.

Huyo msimamizi si mtu mbaya. Tulipozungumza naye alituuliza kwa uchungu, “Je, nimesema uwongo gani?” Hapo ndipo penye fundo la jambo lote, maana ni kweli, hakusema uwongo hata kidogo. Wengi wetu twadhani kwamba ukweli ukishakuwa ukweli, kila mtu ana ruhusa ya kuutembeza. Sivyo tulivyofundishwa. Amri ya nane haimkatazi mtu kumsingizia jirani yake tu; yamkataza pia kufichua, pasipo sababu ya haki, jambo la kweli litakalomshushia jirani heshima yake. Mwenye kusingiziwa aweza kujitetea, akaleta mashahidi, akasafishwa. Mama yetu wa Kirumba atajitetea kwa neno gani, nalo lililosemwa ni kweli?

Twaona kwamba habari ya ugonjwa ni amana, tena amana iliyotolewa kwa kazi maalumu. Mtu akikuazima jembe ulimie shamba lako, hukupewa ruhusa ya kulikodisha kwa jirani, hata kama jirani huyo ni maskini na ana haja nalo. Mama yule alitoa habari yake ili apate ruhusa ya siku moja. Alipokwisha kuipata, kazi ya habari ile ilikwisha. Na jembe lililokodishwa laweza kurudishwa kwa mwenyewe. Neno lililoingia katika masikio ya watu arobaini halirudishwi na mtu yeyote.

Wako watakaotukumbusha methali yetu, kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo ni njema nasi twaikubali. Lakini yamwambia nani? Yamwambia mgonjwa asimfiche mganga wake, wala jamaa wa nyumbani mwake watakaomuuguza. Haimpi msimamizi ruhusa ya kumfichua yeye mwenyewe kabla ya kilio! Tena mama huyo hakuficha kitu: alikwenda kwa daktari, akashika tarehe zake za kliniki, akamwambia mkubwa wake wa kazi. Aliyoyafanya ndiyo yale tunayowahimiza watu wote wayafanye. Sasa tumwambie nani tena afanye hivyo, naye ameyaona yaliyompata mwenzake?

Je, ikiwa ugonjwa waweza kuwadhuru wengine? Swali hili ni la haki, wala hatupendi kulikwepa. Nahodha wa boti mwenye kifafa hawezi kuachwa usukanini pamoja na roho za abiria. Mwenye kifua kikuu kisichotibiwa, akiwa katika chumba kisicho na madirisha, aweza kuwaambukiza walio karibu naye, nao yafaa wachunguzwe. Lakini tutazame kwa makini ni nini hasa kinachotakiwa katika mambo haya. Nahodha aondolewe usukanini, apewe kazi ya nchi kavu. Abiria hawana haja ya kujua sababu. Habari ya kifua kikuu ifikishwe kwa waganga, nao watawaita watu kupimwa, kwa kuwa ndiyo kazi yao na wamefundishwa namna yake. Ama UKIMWI, hauambukizwi kwa kuchambua dagaa pamoja wala kwa kula sinia moja, basi hata udhuru huo haupo. Msimamizi ana haki ya kujua kama mtu aweza kazi au hawezi, na kwa muda gani. Zaidi ya hapo ni udadisi, ingawa mara nyingi huvaa nguo za huruma.

Sheria za nchi zimeliona jambo hili. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, yampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI yawataja hata waajiri miongoni mwa wale wapaswao kutunza siri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yaihesabu habari ya afya kuwa taarifa nyeti. Kwa jirani zetu wa Kenya, mwaka 2004, Mahakama Kuu mjini Nairobi ilikataa kuitupa kesi ya mwanamke aliyedai kwamba alipimwa damu bila ridhaa yake, daktari akampasha mwajiri majibu, naye akaachishwa kazi. Walioshtakiwa waliambiwa kwamba wana neno la kujibu.

Walakini mama wa ghalani hajui njia ya kwenda Nairobi wala ya kwenda mahakama iliyo karibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili. Lakini kibarua wa kutwa hana faili wala mkataba wa maandishi. Ngao yake ni kinywa cha msimamizi wake tu.

Msimamizi yule alituuliza mwishoni, je, hata sala isiombwe? Iombwe. Angaliweza kusema, “Tuwaombee wagonjwa wetu,” na Mungu angalijua anatajwa nani. Kama alitaka mchango, angalimwuliza kwanza mwenyewe: “Mama, wapenda wenzako wajue?” Alikaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba neno hilo halikumjia kabisa.

Mama huyo hayuko tena ghalani. Twasikia anauza dagaa kwa visado huko Igombe, na kliniki yake ameihamishia mbali, mahali asipojulikana.