Uhuru wa Kusema Hapana

Azimio la Arusha, lililotangazwa nchini Tanzania Februari 5, 1967, lilitoa onyo ambalo wengi tulifundishwa shuleni kama habari za serikali tu: nchi inayojenga maisha yake juu ya misaada na mikopo inauweka uhuru wake rehani. Nikilisoma leo naona onyo lile linamgusa hata mtu mmoja, aliyeketi kitandani na simu mkononi.

Zamani, kabla ya kukopa ulivaa, ukatoka, ukabisha hodi, ukaulizwa habari za nyumbani, ndipo ukaitaja shida yako. Njiani ulipata muda wa kujiuliza kama fedha ile unaihitaji kweli. Mikopo ya simu imeifuta safari hiyo. M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa mwezi mmoja si nyingi. Lakini kwa ada hiyo, anayekopa shilingi 1,000 kila mwezi, mwaka ukiisha amelipa ada ya shilingi 900. Na hao ni wakopeshaji wanaofuata sheria. Wapo wasio na leseni, wanaochota namba zote zilizomo kwenye simu yako na kuwatangazia wakwe zako kwamba unadaiwa. Huku mitaani kwetu kuna mikopo ambayo watu wenyewe wameibatiza kausha damu.

Simlaumu mama anayekopa usiku kwa ajili ya mtoto mwenye homa. Ninachosikitikia ni mazoea ya kukopa kwa ajili ya sherehe, simu mpya au kuonekana. Mwenye madeni ya namna hiyo hawezi kuacha kazi inayomdhalilisha, wala kumkatalia mkubwa wake anayemtaka atie saini hesabu za uongo. Uhuru wa mtu mimi naupima hapo: je, anaweza kusema hapana na jioni watoto wake wakala?

Uhuru huo huzaliwa na kujitegemea, lakini kujitegemea si kujitenga. Azimio lenyewe lilipanga hatua za kujitegemea kuanzia kwa mtu, likaenda kwenye shina la nyumba kumi, hadi taifa zima. Akina mama wa vikoba wanalielewa hilo vizuri. Hununua hisa kila wiki, hukopeshana, na mwisho wa mzunguko faida huigawana wao kwa wao. Mwenzao akifiwa, mfuko wa jamii upo. Wanategemeana wakiwa sawa, na kila mmoja ana sauti kikaoni.

Kijana unayeanza kazi, nakusihi: kabla ya kitu chochote cha kujionyesha, weka akiba ya chakula na kodi ya nyumba ya miezi mitatu, hata ikikuchukua miaka miwili. Siku utakapoamriwa kufanya jambo ambalo dhamiri yako inalikataa, akiba hiyo itakupa nguvu ya kukataa.