Safu ya Nyuma

Kijana wetu wa kisiwani, awe wa Kilindoni, Utende au Jibondo, akishavuka kwa boti hadi Nyamisati na kufika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mara nyingi hujulikana kwa namba ya usajili. Chuo kilipoanza mwaka 1961, wanafunzi, wote wa sheria, hawakufika 20. Leo darasa moja huwa na mamia. Hata hivyo wapo walimu, nami nawaheshimu mno, wanaochukua karatasi ya mahudhurio na kuipitia usiku, jina kwa jina. Kesho yake: “Mwanahawa, wewe unaonaje?” Binti aliyejikunyata nyuma huketi wima, akajibu. Mwalimu unayenisikiliza, muhula ukifunguliwa, anza na safu ile ya nyuma.