Risasi ya Gobori na Masafa ya Halali

Imeulizwa katika darsa yetu hapa Mutomo: mtu akimpiga mnyama kwa gobori, akataja jina la Mwenyezi Mungu alipofyatua, kisha akamkuta amekwisha kufa, je, nyama yake ni halali? Na je, hukumu ni moja kwa aliyempiga karibu na aliyempiga mbali? Swali la pili ndilo lenye uzito, na wengi hawalifikii. Huridhika na la kwanza.

Yafaa kwanza ijulikane kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikataja hata uwindaji wa kitoweo kuwa ni kosa. Basi asije mtu wa kwetu akaifanya makala hii kuwa ruhusa ya kuingia nyika ya Tsavo usiku. Jawabu hili lawafaa ndugu zetu wa Tanzania wawindao kwa kibali, nasi latufaa kwa kuifahamu dini yetu.

Asili ya jambo ni Hadithi ya Adi bin Hatim, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mi'radh, nao ni mti mzito uliochongwa ncha, urushwao kwa mkono. Akajibiwa kwamba mnyama aliyechomwa kwa ncha aliwe, na aliyegongwa kwa ubavu wa mti asiliwe, kwani huyo ni katika waliokufa kwa kipigo, walioharimishwa katika Suratul Maida. Tazama, ewe msomaji: silaha moja, mkono mmoja, na hukumu mbili! Kinachotazamwa ni kile silaha ilichofanya mwilini.

Wako wasomao katika vitabu vya kale kwamba bunduq haifai, wakaikataza bunduki pasi na kuuliza. Hao wamelishika neno wameuacha maana wake. Bunduq ya wazee wale ilikuwa kidonge cha udongo, nacho huvunja wala hakitoboi. Baruti ilipoenea, wanavyuoni walihitalifiana. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliona risasi huua kwa kishindo na kuunguza, basi hapana budi mnyama adirikiwe yu hai achinjwe. Shawkani wa Yemen, wa zama zizo hizo, aliona kwamba risasi hutoboa kama mshale. Nami naifuata kauli ya Shawkani. Lakini mwenye kuifuata hana budi kuichukua pamoja na sababu yake, nayo ni kutoboa.

Hapo ndipo masafa yanapoingia. Risasi ya gobori iliyo duara, yenye upana wa milimita 12 na nusu, ina uzito wa gramu 11 na nusu hivi. Umbo la duara hushindana vibaya na hewa. Ikitoka mtutuni kwa kasi ya mita 550 kwa sekunde, ikifika mita 90 imekwisha kupoteza karibu nusu ya kasi ile. Na kwa kuwa nguvu hufuata kasi mara kasi, nguvu iliyobaki ni kama robo au kuzidi kidogo. Basi risasi ile ile inayopenya mbavu za tandala kwa hatua 40, mbali sana hugonga tu, ikamwacha akikimbia na mfupa uliovunjika. Hiyo imekuwa ubavu wa mi'radh.

Wazungu walilijua hilo, na mwaka 1849 Mfaransa Minié akatengeneza risasi yenye ncha na tako lenye shimo, litanukalo likashika mifuo ya mtutu. Risasi ndefu namna hii yaweza kuwa na uzito maradufu ya ile ya duara, na huihifadhi nguvu yake mbali zaidi, ijapokuwa huanguka chini sana njiani, na asiyeipima hulenga kifua akapiga goti. Lakini mtutu laini, kama ulivyo wa magobori yetu mengi, haunufaiki nayo, hubiringika tu. Mwenye mtutu huo asipite hatua 50 au 60. Ama wanaojaza misumari na vipande vya chuma, hao nawakatalia kabisa: hawajui kitakachopiga wala kitakapopiga. Na hirizi inayofungwa kwenye gobori haiongezi hata hatua moja.

Huniambia baadhi ya watu: Bismillahi yatosha. Naam, ni sharti; lakini aliyetuamrisha kuitaja ndiye aliyetuamrisha kwa ulimi wa Mtume wake kuua kwa uzuri na kunoa kisu, na kutomfanya chenye roho kuwa shabaha. Afyatuaye huku akijua kwamba risasi haifiki na nguvu ya kutoboa, amefanya nini kama si hilo?

Hapa Ukambani wamesifika watu wa upinde, na mishale yao ilipakwa sumu ya msunguti, ambayo husimamisha moyo. Mafakihi wamesema kwamba ikidhaniwa sumu imesaidia kuua, nyama haifai. Nao mshale umetoboa! Itakuwaje basi kwa risasi ambayo haikutoboa?

Na aliyempiga mnyama kwa masafa yafaayo, akampotea, kisha akamkuta siku ya pili hana alama ila ya risasi yake, na amwle. Akimkuta majini, amwache, ijapokuwa tundu la risasi liko wazi ubavuni.