Habari za Barafu Uzipeleke kwa Adabu

Mjukuu wangu, umehitimu masomo ya hali ya hewa, na kazi ya kwanza uliyopewa ni kuzunguka vijiji vya Pangani, Rufiji na Kilwa, uwaeleze watu habari za barafu kuyeyuka na bahari kupanda. Mimi niko hapa Kipalapala, Tabora, mbali kabisa na maji ya chumvi. Lakini watu wa upande huu pwani wanaijua tangu zamani. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, wakarudi na nguo, shanga na maneno ya huko, na mpagazi alipimwa kwa kitu kimoja tu: mzigo aliokabidhiwa, je, umefika mzima? Mzigo wako wewe ni habari. Ukiupunguza njiani umewadhulumu, na ukiutia chumvi umewadhulumu vilevile.

Anza na barafu yenyewe, maana hapo ndipo maneno mengi huchanganyikana. Ukitaja barafu mbele ya wazee wa Pangani, watafikiri Kilimanjaro, kwa kuwa ndiyo barafu ya kwetu. Nao hawatakuwa wamekosea kuihurumia. Mwaka 1912 kilele kile kilikuwa na barafu ya kilomita za mraba zipatazo 12. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Waambie hivyo, kisha uwaambie bila kuzunguka kwamba hata ikiisha yote, bahari ya Pangani haitapanda kwa kiasi cha kuonekana. Ile ni kidogo mno. Barafu inayoinua bahari ni ya Greenland na ya Antaktika, iliyokaa juu ya nchi kavu kwa unene wa kilomita na zaidi, pamoja na ile ya milima mingi mikubwa duniani. Ya Greenland peke yake, ikiyeyuka yote, ingeinua bahari kwa mita zipatazo 7. Lakini ukiitaja hiyo 7 ukanyamaza, umefanya ubaya. Kuyeyuka kote huko ni jambo la mamia mengi ya miaka, pengine maelfu. Mama mwenye nyumba ya udongo kando ya maji akisikia mita 7 bila kusikia muda wake, usiku hatalala, na asubuhi hatakuamini tena.

Nilipokuwa nafundisha jiografia nilikuwa nalionyesha jambo hili kwa bilauri mbili, nawe ulifanye hivyo hivyo chini ya mwembe wao. Chukua bilauri za kioo zinazolingana. Ya kwanza itie maji na vipande vya barafu vielee. Ya pili itie maji pia na uweke ndani yake jiwe linalochomoza juu ya maji, kisha uvipange vipande juu ya jiwe hilo, visiguse maji. Funga uzi mwekundu kwenye kila bilauri, sawa na usawa wa maji. Halafu ukae kimya. Barafu ya dukani huchelewa kidogo kuyeyuka kivulini, na huo ndio wakati mzuri wa kunywa kahawa na kuwasikiliza. Barafu ikiisha, kwenye bilauri ya kwanza maji yatakuwa pale pale kwenye uzi. Kwenye ya pili yatakuwa yameupita. Mtoto wa darasa la tatu ataona tofauti ya barafu inayoelea na barafu iliyoko nchi kavu, na hutahitaji tena kuchora ubaoni.

Usiishie hapo, kwa kuwa barafu ni nusu tu ya habari. Maji yakipata joto hutanuka. Jopo la wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, ambalo tangu 2023 mmoja wa makamu wenyekiti wake ni Mtanzania, Dk. Ladislaus Chang'a, linaeleza kwamba kati ya 1971 na 2018 takriban nusu ya kupanda kwa bahari ilitokana na kutanuka huko. Na kuna jambo la tatu ambalo wengi hawalisemi, nalo ndilo linaloigusa pwani yetu hasa. Barafu kubwa ina uzito wa kuyavuta maji ya bahari kuelekea kwake. Ikipungua, mvuto hulegea, maji ya karibu yake hushuka na ya mbali hupanda. Ndiyo maana barafu ikiyeyuka Greenland, watu wa huko hawaoni bahari ikipanda kwa sababu hiyo, bali watu wa nchi za joto, walioko mbali nayo, hupata zaidi ya fungu lao. Mvuvi wa Kilwa hakuutoa moshi ulioipasha dunia joto. Mwambie hivyo waziwazi. Ana haki ya kujua kwamba hii si adhabu ya kosa lake.

Sasa tarakimu. Tangu 1901 hadi 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20. Mwanzoni mwendo ulikuwa mdogo, milimita moja na kitu kwa mwaka. Kati ya 2006 na 2018 ulifika milimita 3.7. Ukizisema tarakimu hizi pwani, utaona nyuso zikikutazama kwa upole, kama watu wanaomwonea haya mgeni. Hawakudharau. Wao wanaishi na maji yanayopanda na kushuka mita 3 na zaidi kwa siku moja wakati wa bamvua. Nahodha anajua mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji yatafika wapi, anajua maji mafu yatakuwa lini, anajua kusi ikivuma kwa nguvu maji husukumwa juu ya ufuko kupita kawaida. Umwambie nini kuhusu milimita 3.7? Mwambie kwamba bamvua ndiyo itakayomwonyesha. Kila sentimita inayoongezeka baharini huinua bamvua nayo, na lile wimbi ambalo babu yake aliliona mara moja katika maisha yake, yeye ataliona mara kadhaa, na mwanawe huenda akaliona kila mwaka. Hapo hutakuwa unamfundisha bahari. Utakuwa umeongeza jambo moja juu ya yale anayoyajua, naye atalipokea.

Na usifiche lisilokupendeza. Kipimo cha maji cha bandarini Unguja kimekuwa kikiandika tangu miaka ya 1980. Kwa miaka mingi ya mwanzo kilionyesha maji yakishuka kidogo wakati dunia nzima yanapanda, ndipo baadaye yakaanza kupanda. Upepo na joto la Bahari ya Hindi huyahamisha maji huku na huku kwa miaka kadhaa, na mahali pamoja panaweza kwenda kinyume cha wastani kwa muda. Usipolisema wewe, atalisema mtu mwingine siku utakapokuwa hupo, na kila ulichokisema kitaonekana uongo.

Vivyo hivyo usiibebeshe barafu kila balaa. Mbele ya Pangani kuna Maziwe. Kilikuwa kisiwa chenye mivinje, kikatangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, kasa wakitaga hapo kwa wingi; kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 miti ilikuwa imekwisha na kilichobaki ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Wazee wa kijiji cha Ushongo watakuambia miti ilikatwa. Wasikilize. Mchanga usio na mizizi hauishikilii bahari hata isipopanda. Kunduchi nako ufuko uliliwa, na mchanga uliokuwa ukichotwa kwenye mito inayoulisha ufuko ule ulichangia sana. Visima vya Bagamoyo na kwingineko vinavyoingia chumvi vinaathiriwa na bahari inayopanda, ndiyo, lakini pia na pampu zinazovuta maji baridi mengi kuliko mvua inavyoyarudisha. Mtu akiona kwa macho yake lori la mchanga likipita kila asubuhi, nawe unamwambia tatizo ni barafu ya Antaktika, atakuuliza unamfanyia kazi nani.

Huenda mtu akakutolea mfano wa maziwa yetu. Atasema Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia nyumba za watu Bujumbura na Kigoma, na Ziwa Victoria mwaka 2020 likafika kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kupimwa, na maji ya maziwa hushuka tena. Ni hoja nzuri, usiipite haraka. Mwambie kwamba maziwa hupanda kwa mvua na kushuka kwa kiangazi na mito inayotoka. Bahari ikishapanda kwa barafu na joto, haina mto wa kutokea. Hata moshi ukikoma leo, itaendelea kupanda kwa karne kadhaa, ila polepole zaidi. Tofauti ya polepole na haraka ni kubwa: kufikia 2100 huenda ikawa nusu mita au chini yake dunia ikijizuia, au karibu mita moja isipojizuia. Hapo utakuwa umetaja makadirio, basi yaite makadirio.

Pwani haikuanza kuumizwa na bahari juzi. Aprili 1872, wakati Livingstone amebaki Kwihara hapa jirani, na Stanley yuko njiani kurudi Bagamoyo, kimbunga kiliipiga Zanzibar. Majahazi yalivunjika, misioni ya Bagamoyo ilibomolewa, karafuu za Unguja ziling'oka huku Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa. Hiyo ni sababu mojawapo ya Pemba kuwa kisiwa cha karafuu. Hakuna aliyeonywa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoelekea Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilitangaza siku kadhaa kabla, na watu walizuia vyombo vyao visiende baharini. Nakutajia hili kwa sababu heshima utakayoikuta pwani imejengwa na tahadhari kama hizo zilizotimia. Usiitumie vibaya.

Fika kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji. Salimia, kaa, kula ulichoandaliwa. Usiitishe mkutano siku ya Ijumaa mchana, wala siku ya bamvua, maana wanawake watakuwa pwani na mwani wao au wakiokota chaza na pweza, nao ndio wanaojua mabadiliko mengi kuliko wanaume. Waulize tangu lini mwani aina ya cottonii umekuwa ukiwafia kwa joto. Rufiji utawakuta wakulima wa mpunga waliogombana na maofisa wa misitu miaka mingi kwa ajili ya mikoko. Wakikukazia macho, si wewe wanayemkasirikia. Mikoko inazuia mawimbi na kushika tope, hilo ni kweli, lakini usilitamke kabla hujawauliza watalima wapi.

Wala usiahidi ukuta. Dar es Salaam walijenga ukuta pale Barabara ya Barack Obama, kazi ikakamilika 2018. Kilwa Kisiwani waliizuia bahari isiendelee kuila ngome ya kale ya Gereza kwa kuta za mawe na kwa mikoko, na magofu yale yakatolewa 2014 kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kijiji kidogo cha wavuvi hakina magofu ya kuwaleta wafadhili. Kwao itakuwa mikoko, kisima kilichochimbwa ndani zaidi ya nchi, na nyumba mpya zisijengwe chini ya alama ya maji makubwa.

Hiyo alama muiweke pamoja. Mpe kijana mmoja na mama mmoja daftari. Kila bamvua waandike maji yamefika mti upi, na kila mwezi waandike ladha ya visima vitatu. Waeleze kwamba mwaka mmoja hautaonyesha milimita za dunia, ila utaonyesha ya kijiji chao. Mwaka unaofuata urudi mwenyewe, usimtume mtu, mlisome daftari pamoja, hata pale litakapopinga ulichowaambia.