Salamu ya Waraka na Jina la Mwandishi

Nyaraka za misikiti na madrasa zetu, Temeke hata Kinondoni, siku hizi nyingi hufika kwa simu. Huanza kwa maamkizi marefu mpaka mzazi achoke kabla hajajua anatakiwa nini. Mwishoni huandikwa: "Wabillahi tawfiq. Uongozi." Uongozi ndiye nani? Mwenye swali juu ya mchango amwendee nani?

Tazama barua ya Nabii Suleiman (A.S.) kwa Malkia wa Sabaa, katika Suratun Naml, aya ya 30 na 31. Latajwa jina la mwenye barua, kisha jina la Mwenyezi Mungu, kisha haja yenyewe, basi. Naye Bwana Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia Warumi, aliambiwa kuwa hawasomi barua isiyo na muhuri. Akajifanyia pete ya fedha yenye nakshi ya "Muhammad Rasulullah", ili ajulikane nani aliyesema.

Ama salamu, hiyo ni ahadi. Umekwisha kumwambia mtu "Assalaamu alaykum", umempa amani. Vipi mstari wa tatu umtangaze mbele ya wazazi wenziwe kuwa hajalipa ada ya mwanawe? Na wapo wafanyao hivyo, kisha wakafunga kwa dua! Deni la mtu aandikiwe mwenyewe, faraghani.

Mimi ningetosheka na Bismillahi, salamu moja, na haja kwa maneno mepesi. Chini yake: Wassalaam, jina la mwalimu, na kwamba yupo madrasa kila siku baada ya Alasiri.